Insha Nne za Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Kalamu?
Ya mwanafunzi!
Wino mwekundu?
Wa mwalimu!
Na tumbo?
La Kiboko!

Haya, kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, nikusimulieni.

Palikuwa na shule ya wanyama kando ya mto, na shule hiyo ilikuwa na ghala la mtama. Mtama ule ndio uliopikiwa uji wa saa nne. Wanafunzi wengi walifuata uji kwanza, masomo baadaye, na mimi siwalaumu.

Mwaka mmoja mtama ukaisha ghafla. Magunia sita, yote, fyuu! Kiboko, aliyekuwa darasa moja kwa mwaka wa tano, akasema, "Ni Panya." Basi Panya wakafukuzwa shule, baba, mama na watoto. Uji ukakoma. Kindi, aliyekaa dawati la mbele, alikonda hata mkia wake ukawa kama uzi.

Msimu uliofuata mtama ukavunwa tena. Mwalimu Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akasema, "Safari hii ghala litakuwa na kiranja. Nitatoa insha nne. Atakayewashinda wenzake, huyo ndiye atakayeshika ufunguo."

Kiboko aliposikia neno ufunguo, tumbo lake likanguruma, nguru-nguru-nguru.

Insha ya kwanza ilikuwa ya fasihi: Mweleze mlafi katika ngano uliyosimuliwa nyumbani. Kindi akaandika mpaka kidole kikaota sugu. Mara akasikia, puu! puu! puu! Mti wake ukatikisika.

"Kindi!"

"Bee!"

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ndefu?"

"Ndefu kama mkia wa nyani."

"Tamu?"

"Tamu kama tikiti."

"Lete. Ama niung'oe mti huu, na mama yako akiwa ndani."

Kindi akamtazama mama yake aliyekuwa anachambua kunde, akaitoa. Kiboko akafuta jina la Kindi kwa ulimi, akaandika lake. Hakusoma hata mstari mmoja.

"Na mimi nitapeleka nini?" akauliza Kindi.

"Wewe ni mdogo. Sifuri inakutosha."

Insha ya pili ilihusu sinema. Popo alikuwa ameleta mashine yake darasani, akatandika shuka jeupe ukutani, wakatazama picha ya mfalme aliyeuza miguu yake akabaki na kiti. Swali: Picha hiyo imekufunza nini? Kindi akaandika. Puu! puu! puu!

"Kindi!"

"Bee!"

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ndefu?"

"Ndefu kama mkia wa nyani."

"Tamu?"

"Tamu kama tikiti."

"Lete."

Kiboko akaondoka nayo. Kindi akapata sifuri ya pili, akalia kidogo, kwik, kwik. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, mwenye nguvu mpishe. Lakini ukishampisha, tazama anakokwenda."

Kindi akayatafuna maneno hayo kama karanga.

Insha ya tatu ikaja, ya historia: Eleza chanzo cha njaa ya mwaka jana. Sasa sikilizeni. Kindi alikijua chanzo. Siku ile alikuwa juu ya mti, akaona kwa macho yake nani alivunja mlango wa ghala. Hakusema, maana nani angemsadiki Kindi mbele ya Kiboko? Alipolisoma swali, akaweka kalamu chini. Angeweza kuandika uongo, insha ikapita salama. Akakumbuka watoto wa Panya walivyoondoka wamebeba daftari zao kichwani. Akashika kalamu, akaandika kila kitu. Ila hakuandika kwa kinywa chake. Aliandika kwa kinywa cha Kiboko.

Puu! puu! puu!

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Tamu?"

"Hii, kaka, ni tamu kuliko zote."

"Lete!"

Insha ya nne ilikuwa ya sayansi: Fanya jaribio, ueleze matokeo. Hiyo Kindi aliiandika huku anacheka peke yake. Kiboko akaja, puu! puu! puu! akaichukua, asisome vilevile.

Siku ya wazazi ikafika. Kiboko akaja amevaa tai, shingo imemezwa. Mwalimu Korongo akainua karatasi nne.

"Mshindi ni Kiboko. Mia kwa mia."

Wanyama wakanung'unika. Kindi akajibana nyuma ya mkia wake.

"Lakini kabla ya ufunguo," akasema mwalimu, "nijibu. Insha hizi ni zako?"

"Zangu, mwalimu!"

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno, nukta kwa nukta!"

"Hukusaidiwa?"

"Na nani? Na hawa vijidudu?"

"Vizuri. Wasomee wazazi hii ya sayansi."

Kiboko akakohoa. Alisoma kama apitaye shimoni, hatua moja moja. "Ja-ri-bio. Je, tum-bo mo-ja la-we-za ku-ma-li-za ma-gu-nia si-ta ya m-ta-ma?"

Wazazi wakacheka. Kiboko akajiona bingwa, akaongeza sauti.

"Vi-faa. Ma-gu-nia si-ta, ya gha-la la shu-le. Tum-bo mo-ja, la-ngu mi-mi."

Kicheko kikakatika.

"Si-ku ya kwa-nza ni-li-vu-nja ko-meo kwa ka-lio. Si-ku ya pi-li ni-ka-se-ma ni Pa..."

Hapo akanyamaza. Mdomo ulikwisha kusema, masikio ndiyo kwanza yanafika.

"Si yangu!" akanguruma. "Kaandika Kindi!"

"Aa," akasema Korongo. "Kumbe umeiba insha."

"Sijaiba! Ni yangu!"

"Basi umekula mtama."

"Sikula!"

"Basi insha si yako, na ufunguo si wako."

"Ni yangu!"

"Basi mtama umekula."

Kiboko akageuka kushoto, akageuka kulia, jasho linamtoka. Akapiga mguu chini, puu! "Mnanionea! Hayakuwa hata magunia sita! Nimekula matano tu, la sita lilikuwa na wadudu, nikalimwaga mto..."

Hata nzi alitua.

Halafu uwanja mzima ukalipuka. Kiboko akatimua mbio na tai yake, wazazi wote nyuma yake, akajitupa mtoni, chubwiii! Yakabaki matundu mawili ya pua.

Mwalimu Korongo akamgeukia Kindi. "Wewe ndiye uliyeandika?"

Kindi akatoka nyuma ya mkia wake. "Ni mimi, mwalimu. Zote nne."

"Kumwandikia mwenzako insha ni kosa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kosa kubwa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi adhabu yako ni kushika ufunguo wa ghala mwaka mzima. Na kesho asubuhi uwaendee Panya huko walikohamia, uwaombe radhi kwa niaba yetu sote. Mimi nitafuata nyuma, maana naona aibu."

Panya wakarudi. Uji ukapikwa. Kila Panya alipewa vikombe viwili, na mdogo wao akapewa vitatu, akalala juu ya dawati.

Funzo la hadithi hii, watoto wangu, ni kwamba msiandikiane insha hata siku moja. Ni vibaya, ni aibu, na aliyefanya hivyo aliadhibiwa kwa ufunguo na uji wa moto mwaka mzima, maskini. Lakini ukilazimishwa na mwenye misuli, tafadhali, andika vizuri. Mia kwa mia.

Nami kinywa changu kimefika mwisho. Hadithi ikiwa tamu, igawaneni; ikiwa chapwa, nirudishieni nikaitie chumvi.