Kabari za Mzee Maduhu

Husemwa kwamba ujuzi hauzeeki. Msomaji ana haki ya kutilia shaka, kwani wanaoitaja methali hii mara nyingi ni watu ambao ujuzi wao hautafutwi tena. Huitumia kama mgonjwa anavyotumia maji ya uvuguvugu: hayaponyi, ila hutuliza tumbo. Maana yake ni kwamba mwili huchakaa na zana hupitwa na wakati, lakini kile ambacho mkono umejifunza hubaki na thamani yake. Maduhu, fundi matimba wa machimbo madogo ya Mwanzumbi, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Bulyanhulu, alikuwa ameacha kuiamini.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisimika matimba, yaani magogo, ndani ya maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji, ili mwamba usiwaangukie watu. Kati ya kila gogo na mwamba alipigilia kabari mbili za mti laini. Mwezi Machi, msimamizi mpya aitwaye Davis alileta mabomba ya chuma. Chuma hakiozi, hakiliwi na mchwa, wala hakihitaji mzee wa kukichonga. Maduhu aliomba jambo moja tu, kwamba kabari zibaki juu ya mabomba. Davis alikubali kama mtu anavyomkubalia mtoto alale na kiatu kipya, kisha akampa kazi ya kulinda katambuga.

Ngazi ya duara iliteleza kwa tope, hivyo wachimbaji walishuka peku na kuviacha mdomoni mwa shimo viatu vyao vya matairi. Maduhu alivipanga jozi kwa jozi, akaketi kando kama kuku aliyeatamia mayai ya bata. Kila Jumapili alimpigia simu mkewe Hosiana, aliyebaki Tinde akilima mpunga, akamwambia kwamba kazi ya matimba inaendelea vizuri. Hakuwa mwongo kwa tabia. Hakujua tu angejiita nani kama angesema kweli.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, Marwa, mchimbaji kutoka Tarime, alipanda kunywa chai. Kwapani alibana vipande vya mti kwa ajili ya jiko la Mama Nelly, muuza chai.

"Shikamoo, mzee. Kabari zako zinawaka kuliko mkaa," alisema. "Tangu juzi tunamletea Mama Nelly, naye anatuongezea andazi."

"Marahaba. Andazi moja kwa kabari ngapi?"

"Tatu. Leo nimepata mbili, ya tatu imegoma. Juzi zilikuwa zinang'oka kama meno ya mtoto. Leo nimegonga nyundo mpaka bega limeuma. Hii ya pili nimeitoa kwa kuipasua pembeni."

Maduhu akaipokea. Alikuwa ameichonga mwenyewe kwa unene wa vidole vitatu. Sasa ilikuwa na vidole viwili, na nyuzi zake zimelala upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe.

"Umeitoa wapi?"

"Kule mwisho, anakochimba Stanslaus."

Maduhu akaigeuza mkononi. Kabari inayotikisika huonyesha kwamba mwamba umetulia. Kabari iliyokazika bila kugongwa huonyesha kwamba mwamba umeikalia. Gogo lingekwisha kulia kwa uzito huo na watu wangekimbia. Bomba hubeba kimya mpaka linapoteleza.

Alimpelekea Davis kabari ile. Davis aliitazama, akamrudishia.

"Mzee, nimeyakagua mabomba asubuhi. Hayajapinda hata unywele."

"Hayatapinda. Chuma hakina tabia ya kuaga."

"Tukisimamisha kazi kila kuni ya Mama Nelly inapobonyea, tutakula wapi?"

"Usiposimamisha, utakula msibani."

"Rudi kwenye katambuga zako," alisema Davis. "Na ukiigusa kamba bure, kesho usije."

Kamba ilining'inia hadi chini ya duara, na kuivuta mara tatu kulikuwa amri ya wote kupanda. Aliyeruhusiwa kuivuta ni msimamizi peke yake. Maduhu alizitazama jozi saba zilizobaki. Akikosea, hata viatu vya watu hatavilinda tena. Akaishika kamba, akaivuta mara tatu.

Walipanda mmoja mmoja, wametapakaa vumbi, wakinung'unika.

"Nani kafa?" aliuliza wa kwanza.

"Hajafa mtu. Vaa viatu."

Jozi sita ziliondoka. Ikabaki moja, yenye mkanda uliofungwa kwa waya. Ilikuwa ya Stanslaus.

"Anamalizia kiroba chake," mtu alisema.

Maduhu akaivuta kamba tena, na tena. Hatimaye kilitokeza kiroba cha mawe, na nyuma yake Stanslaus, amekasirika kama nyuki waliochokozwa.

"Mzee, umeota dhahabu au umepigwa na jua?"

Kisha hakikutokea kitu. Mwamba hauna adabu ya kufuata saa. Mama Nelly aliuza maandazi yote. Baada ya karibu saa nzima Davis aliwaambia wachimbaji washuke tena, na Maduhu mwenyewe akaanza kuwaza kwamba labda mti ule ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Stanslaus alikuwa amevua kiatu kimoja ardhi ilipotikisika chini ya nyayo zao. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama gunia la mahindi lililodondoshwa chumba cha pili. Halafu duara likatoa pumzi ndefu ya vumbi.

Davis aliwahesabu watu, akawahesabu tena. Maduhu hakuhesabu. Aliangalia chini, akaona kiatu kimoja tu, na Stanslaus amesimama kando yake. Akaketi kando ya kiatu hicho.

"Mama Nelly," alisema Marwa polepole, "kuanzia leo pikia mkaa."

Davis hakuomba radhi. Si kila mtu amefundishwa. Lakini Jumatatu, duara jipya lilipofunguliwa, alimwita Maduhu ashuke wa kwanza na kabari zake. Mzee alipovua katambuga zake, Davis aliinama akaziweka sawa.

"Hizi nitazilinda mimi," alisema.

Jumapili iliyofuata Maduhu alimwambia Hosiana kwamba kazi ya matimba inaendelea vizuri.

"Hilo unalisema kila wiki," alijibu Hosiana.

"Ndiyo. Wiki hii nimeshuka mwenyewe."

Kwa hiyo hata mwenye shaka hana budi kukiri, akipenda asipende, kwamba ujuzi hauzeeki.