Mito ya Sufi na Ufunguo Mmoja

Sogeeni, nyinyi hodari wa kuamua kesi za wenzenu kabla hata hawajamaliza kuzisimulia. Leo nina kesi ambayo imenishinda, nami nimekuja kuwatwika.

Walikuwapo watu watatu wa nyumba moja, pale Korogwe. Wa kwanza ni Somoe, mjane wa marehemu Chambua. Yeye alijaliwa mikono. Nguo ikichanika, akiishona huoni tena ilipochanikia. Wa pili ni wifi yake, Mwantumu, dada wa marehemu, aliyekuwa amerudi nyumbani na mtoto mgongoni baada ya ndoa yake kuvunjika. Yeye alijaliwa mdomo. Angeweza kumsemesha hata mtu aliyekula yamini kwamba leo hasemi. Wa tatu ni Mhina, kaka yake Mwantumu, mtu mzima aliyezoea kazi ya utingo kwenye malori. Yeye alijaliwa masikio. Ungemweleza habari ndefu asikukatize, na kesho akakurudishia neno kwa neno.

Nyuma ya nyumba yao ilisimama misufi mikubwa, na kila msimu sufi ilipeperuka bure ikaingia hata kwenye uji wa majirani. Wakasema: tushone mito, tuuze. Akiba yao ndogo ilitosha kitambaa cheupe, uzi na bango moja la mbao. Bango wakalisimika kando ya barabara kuu: MITO YA SUFI HAPA. Kesho yake lori la ndizi likaharibikia mbele yake, likalifunika lote. Dereva akaenda kutafuta spea, hakurudi. Majani yakaota chini ya matairi, na hakuna msafiri aliyewahi kulisoma lile bango.

Wateja hawakuja. Waliopita walibonyeza mto mmoja, wakacheka kidogo, wakasema, "Hii ni ya enzi za bibi. Siku hizi tunalalia sponji." Mito ikajaa chumbani, ikajaa ukumbini, ikafika mahali mtu akitaka kukaa lazima kwanza ahamishe mito. Ndani ya nyumba maneno yakawa makali.

"Wifi, unashona ya nini tena?" Mwantumu aliuliza asubuhi moja. "Hata iliyopo hatuna pa kuiweka."

"Nikiacha kushona nitafanya nini?" Somoe akajibu bila kuinua uso. "Wewe mwenye mdomo umeuza mingapi?"

Mwantumu akachukua khanga yake akatoka. Alikwenda kwenye nyumba ya wageni ya Mzee Shekalaghe, karibu na stendi, mahali wanapolala wasafiri wa masafa marefu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea mito."

"Marahaba. Nina mito."

"Umewahi kuilalia mwenyewe?"

Mzee akamfukuza. Akarudi kesho yake, akafukuzwa. Akarudi tena, na safari hiyo mhudumu wa mapokezi alimwambia mbele ya wageni, "Dada, huna kwenu?" Mwantumu akaona mfuaji wa mashuka hayupo, na marundo yamelala uani. Akamfuata mzee. "Nitakufulia mashuka haya yote mpaka mtu wako atakaporudi. Sitaki malipo. Niruhusu tu niweke mto wangu kwenye kila kitanda."

Mzee Shekalaghe akamtazama, akaguna. "Weka."

Mfuaji alikuwa anaumwa, akachelewa sana kupona. Mwantumu alifua mpaka vidole vikachubuka kwa sabuni ya magadi. Mito ikalala vitandani, wageni wakalala juu ya mito. Lakini asubuhi waliondoka mbio kuwahi mabasi, na hakuna aliyeuliza mto unauzwa wapi. Mwantumu alirudi nyumbani jioni moja akakaa kwenye kizingiti akalia kwa hasira. "Tumewalaza bure, nimewafulia bure, na wanakwenda zao!"

Hapo ndipo Mhina alipoanza kwenda. Alisimama kwenye lango la nyumba ya wageni alfajiri, akawabebea wasafiri mizigo mpaka stendi, na njiani akauliza swali moja tu: "Umelalaje?" Kisha akanyamaza, akasikiliza. Siku hizo hizo rafiki yake alimpigia simu: kuna lori la kwenda Arusha linataka utingo, kazi ya kudumu. Mhina akasema asubiriwe kidogo. Rafiki akasubiri, akachoka, akamchukua mwingine.

Alichosikia Mhina hakikuwa kitamu. Mwalimu mmoja alisema mto ulimpigisha chafya usiku kucha. Mama mmoja alisema una vijiwe ndani. Dereva mmoja alisema, "Kaka, ule si mto, ni gunia la mbegu." Mhina angeweza kuyaficha, maana ugomvi wa nyumbani ulikuwa umeshatosha. Lakini aliyabeba yote akayatua mbele ya shemeji yake, neno kwa neno.

Somoe akasimama. "Kwa hiyo mikono yangu ndiyo imetuharibia?"

"Shemeji, mimi nimesema walichosema."

"Umefurahi kukisema!"

"Ningefurahi ningekuwa Arusha sasa hivi."

Somoe aliingia chumbani, hakula siku hiyo. Lakini kulipokucha aliichukua ile mito yote, akaipasua mmoja baada ya mwingine. Sufi akaianika juani chini ya chandarua isipeperuke, akaipiga kwa fimbo vumbi litoke, akakaa kuichambua kwa vidole, kila mbegu nyeusi aitoe. Kazi ya kukufanya uichukie dunia. Macho yalimwasha, pua ilimvuja, na majirani walimpitia wakisema, "Bado tu mnahangaika na sufi?" Vitambaa vilipochanika katika kupasuliwa na pesa ya kununua vingine haikuwapo, alifungua sanduku lake akatoa doti za khanga alizoletewa na mumewe, zilizokuwa hazijavaliwa bado, akazikata. Mto uliotoka hapo, ukiulaza kichwa, ulikipokea taratibu kama kiganja cha mama.

Mito mipya ikaenda vitandani kwa Mzee Shekalaghe. Wiki haikwisha. Msafiri wa kwanza alimwambia Mhina, "Nimelala mpaka nikakosa basi, na wala sijakasirika. Mto huu nitaupata wapi?" Wa pili akataka miwili. Mama mmoja aliyekuwa anafungua bweni la wanafunzi akaagiza ya bweni zima. Dereva yule wa gunia la mbegu naye alirudi, akanunua wa kwake, akawaambia madereva wenzake, na malori yakaanza kusimama yenyewe kutafuta mito, bila bango.

Mngedhani hapo ndipo walipofurahi. Walifurahi, lakini si kwa muda mrefu.

Mzee Shekalaghe aliwaita. Kwenye nyumba yake ya wageni kuna fremu moja ya duka inayotazama stendi, mahali ambapo kila mfanyabiashara wa mji ule angependa kukaa. "Wageni wangu wameongezeka kwa sababu ya mito yenu," alisema. "Fremu hii naitoa, mwaka mzima bila kodi. Ila mkataba utakuwa na jina moja. Niliwahi kuwapangisha wabia, wakagombana humu ndani mpaka wakavunja mlango. Sirudii. Mwenye jina ndiye mwenye duka, wengine watapatana naye wenyewe. Kama hamjui nani, yupo muuza chipsi ananisumbua kila siku."

Akauweka ufunguo juu ya meza.

Mwantumu alikuwa wa kwanza kusema. "Mzee, mlango huu niliufungua mimi. Nilitukanwa hapa mapokezi, nikafua mpaka nikatoka damu. Nisingeng'ang'ana, mito ingekuwa inaozea ukumbini. Na mimi nakula kwenye nyumba ya kaka yangu marehemu na mtoto wangu. Mpaka lini?"

"Uliwaletea wageni mto wa kuwapigisha chafya," alisema Mhina. "Wasingerudi hata siku moja. Mimi ndiye niliyewauliza, na nikaleta ukweli nyumbani wakati hakuna aliyeutaka. Kazi ya Arusha imepita kwa ajili ya mito hii. Sina nyingine."

Somoe akasema polepole, "Mlango ulifunguliwa, kweli. Ukweli uliletwa, kweli. Lakini msafiri hanunui mlango, wala halalii ukweli. Analalia mto. Nimekata khanga za mume wangu. Na nyinyi ni wa damu ya nyumba ile. Mimi siku wazee wa ukoo wakisema niondoke, nitaondoka na nini?"

Mzee Shekalaghe alijikuna kidevu. "Yote mliyosema ni kweli," alisema, "na ndiyo maana siwezi kuchagua. Anayestahili auchukue."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwantumu alimtazama Somoe, Somoe akamtazama Mhina, Mhina akatazama sakafu. Msidhani ni unyenyekevu. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenziwe atamke maneno mawili tu, "Chukua wewe," na kila mmoja aliona kwamba si yeye anayepaswa kuyatamka. Wakakaa hivyo mpaka chai waliyokaribishwa ikapoa. Mlangoni muuza chipsi akapiga hodi.

Basi nimeishia hapo, kwa sababu na mimi ndipo nilipokwama. Bila mdomo wa Mwantumu, mto usingefika kitandani. Bila masikio ya Mhina, kosa lisingejulikana. Bila mikono ya Somoe, kosa lisingerekebishwa. Muuza chipsi anapiga hodi mara ya pili. Haya, semeni upesi: ufunguo ule mngemkabidhi nani, na wale wawili mngewatazama usoni mkiwaambia nini?