Mwalo wa Nguchiro Penye Matete

Hapo zamani, zile za kale hasa, wanyama walipokuwa wakisonga ugali na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na ziwa lenye mwalo mmoja tu. Mwalo ndio mahali pa kushushia mitumbwi majini. Mwalo huo ulikuwa mwembamba; mitumbwi miwili mikubwa ikikaa hapo, basi, umejaa.

Na ulikuwa wa wote. Sikilizeni vizuri, watoto: wa wote! Wanyama walishirikiana kung'oa mawe pale, na hata Nguchiro, kadogo vile, alibeba ya kwake.

Lakini Tembo na Kifaru walioneana wivu, wivu ule wa kumnyima mtu usingizi. Tembo aliwaza, "Nikienda kuvua, Kifaru atabaki na mwalo peke yake." Kifaru naye aliwaza hivyo hivyo. Basi wakaegesha mitumbwi yao hapo, wakaketi ndani, wakakodoleana macho. Havui huyu, havui yule.

Asubuhi moja Nguchiro akaja mbio, mtumbwi wake kichwani.

"Wakubwa zangu, shikamoo! Naomba njia. Wavu wangu uko majini tangu jana. Kamongo, samaki yule mwenye meno makali, akiuingia atauchana, na sina mwingine. Wanangu watakula nini?"

"Mwambie Kifaru asogee," akasema Tembo.

"Nisogee mimi? Asogee yeye na tumbo lake!"

"Tumbo langu linakuuma nini? Unalionea wivu!"

"Lione kwanza! Nani aonee wivu gunia?"

"Jamani," Nguchiro akalia, "mwalo si wa wote?"

Tembo akachota maji kwa mkonga. Fyuuu! Nguchiro akalowa chepechepe.

Akautua mtumbwi wake kando, akaenda nyumbani, akarudi na panga na ufagio. Akaingia kwenye matete, hatua chache kutoka pale. Fya! fya! Akafyeka, akafagia, akaimba kwa sauti kama yuko harusini.

Kifaru akasimamisha masikio. "Wee Nguchiro! Unafanya nini huko?"

"Natengeneza mwalo wangu, kaka."

"Pakoje?"

"Pabaya. Pana tope linalomeza. Msije."

Tembo akadakia, "Samaki je, wapo?"

"Hata furu, visamaki vile vidogo, hakuna, mzee wangu. Tope tupu. Kweli nawaambia."

Na kweli aliwaambia! Hapo ndipo ninapompendea Nguchiro: hakusema uongo hata neno moja. Lakini mwenye wivu utamwambia nini akakuelewa?

"Umesikia?" Kifaru akanong'ona. "Eti tusije."

"Anatuficha, yule. Mtu haimbi hivyo kwenye tope."

"Wewe kaa. Mimi nitaenda kuangalia."

"Uende wewe, uuchukue peke yako? Thubutu!"

"Mbona umeshaanza kusimama?"

"Na wewe mbona umeshashika mtumbwi?"

Ikawa mbio! Wakaikokota mitumbwi yao, kwaruza kwaruza, wakisukumana mabega. Nguchiro akaruka pembeni.

"Wakubwa, tope! Tope, jamani!"

"Nyamaza, mchoyo we!"

Didi! Tembo akazama. Didi! Kifaru naye. Mitumbwi ikalala ubavu katikati ya tope, na wao wakakwama, miguu haitoki.

Nguchiro akarudi mwaloni. Peupe! Akausukuma mtumbwi wake, serereee... chubwi! Akapiga kasia hadi kwenye wavu wake. Ulikuwa mzima, na sato wamejaa, wanarukaruka.

"Nguchiro, mdogo wangu!" akaita Tembo. "Njoo utuvute!"

"Nikishawapelekea wanangu samaki, nitaleta kamba. Mtulie tu, msijitikise, mtazidi kuzama!"

Wakatulia. Kidogo tu. Kifaru akachungulia upande wa pili.

"Tembo, wewe umezama mpaka wapi?"

"Magotini."

"He! Mimi mpaka tumboni. Nimekushinda!"

"Unishinde wewe? Ngoja uone!" akasema Tembo, akaanza kujididimiza.

Basi watoto, wivu humfanya mtu akimbilie tope hata akiambiwa wazi kwamba ni tope.