Pilau ya Bure ya Bwana Shambe

Usiku simu ililia ting! Mpishi Siwatu, roho juu, akakuta programu anayopokelea oda imezifungia zote za wateja wake. Asubuhi akamkimbilia Bwana Shambe, mwenye programu.

"Si ulisema ni ya bure?"

"Ya bure, mama. Ila kufuli ni langu. Wapikie wakwe zangu, nikufungulie."

Siwatu akapika pilau. Wakwe wakanawa, wakaketi, kumbe kila sufuria imefungwa mnyororo na kufuli.

"Fungua, wee!" Shambe akamfokea Siwatu.

"Pilau ya bure, baba. Ila kufuli ni langu."

Shambe, jasho likimtoka, akafungua programu. Siwatu akahamishia oda zote kwenye programu huru, isiyo na wa kumfungia, ndipo akatoa funguo.

"Usimwambie mtu," Shambe akanong'ona.

"Wakwe wameshasikia, baba. Mwingine simwambii, naapa."