Bisibisi Ngumini

Kulikuwa na mjane mmoja ambaye hata kivuli chake alikipekua kabla ya kukiruhusu kiingie ndani. Akaita fundi amtengenezee mlango wa mninga, wa kufungukia nje. Bawaba zikawa nje, skrubu zake zikionwa na kila mpita njia.

Fundi akamwambia, "Mama, skrubu za mstari mmoja hata kisu cha jikoni kinazifungua. Za msalaba, kila nyumba ina bisibisi yake. Hizi za tundu la pembe sita zinashika vizuri, ila bisibisi yake mtaa huu ninayo mimi tu."

"Tia hizo. Na bisibisi niuzie."

"Sasa mimi nitafanyia nini kazi?"

"Ndiyo maana naitaka. Si wewe unayejua njia?"

Mnacheka? Kuna mtu hapa amekuja ibadani na ufunguo wa kabati la sukari kwenye ncha ya kanga, na nyumbani amemwacha mama mkwe. Haya.

Masika yakaja, mbao zikavimba, mlango ukakwama, mjane yumo ndani na jiko la mkaa. Cheche ikarukia godoro. Akapiga mayowe. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yake, yule ambaye mjane alimshuku kwa kuku wake aliyepotea. Jirani akajaribu bisibisi ya mstari, ikateleza. Ya msalaba, ikacheza tu. Akapenyeza mkono kati ya nondo za dirisha.

"Shoga, nipe bisibisi yako nikung'olee bawaba!"

"Nikikupa leo, kesho utakuja nikiwa sokoni."

"Kesho ipi, na moshi huu?"

"Kwanza niambie kuku wangu alikwenda wapi."

Mninga si mti wa kupasuka kwa pigo moja. Shoka lilipomaliza kazi yake, moshi ulikwisha maliza yake. Aliyemwosha maiti ni jirani yuleyule, na ndiye aliyemkunjua vidole, kimoja kimoja, kuitoa bisibisi.

Ndugu zangu, kufunga mlango si dhambi. Wezi wapo, na wengine nawajua kwa majina. Lakini mkono umenyooshwa dirishani, nyumba inaungua, na wewe unauliza habari za kuku? Sisi tunamwomba Mungu atufungulie, na cha kufungulia tumekifumbata wenyewe, asije akakigusa dada, asije akakigusa jirani.

Nimesikia mmeitikia amina. Haya, nyosheni mikono niione.

Mbona naona ngumi?