Kunde za Bi Pimbi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima na kuoana na kugombana kama sisi, Bi Pimbi alipanda kunde chini ya majabali. Hakuwa na shamba jingine. Mvua zilikuwa zimekatika, na kunde zile ndizo watoto wake wangekula kiangazi kizima.

Jirani zake walikuwa akina Tandala, wenye miguu mirefu na pembe zilizosokotwa. Kila alfajiri walishuka shambani, wakala, wakaondoka. Bi Pimbi alizungushia ua wa miiba. Wakauruka kama wanavuka kijiti. Akatundika vitambaa, siku ya kwanza waliviogopa, ya pili wakavisukuma kwa pua na kuendelea kula. Akaenda kumwomba Mzee Tandala, mkubwa wa kundi. Mzee alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba wao huonja tu, na kwamba jirani mwema hagombei majani.

Asubuhi moja Bi Pimbi alikuta yamebaki matuta mawili. Aliketi chini akashindwa hata kulia. Kesho yasingekuwepo.

Ndipo akakumbuka jambo. Tandala hatafuni vizuri anapokula. Humeza harakaharaka, kisha huenda kujilaza kivulini na kucheua, yaani kurudisha chakula mdomoni na kukitafuna upya. Asipocheua, ni kama hajala. Bi Pimbi akatazama jua. Walikuwa bado hawajaanza kucheua. Akatimua mbio.

Aliwakuta ndiyo kwanza wanakunja miguu wajilaze. Akaanguka mbele ya Mzee Tandala, anahema.

"Msicheue, mzee wangu. Nakuomba, msicheue."

Akaeleza kwamba jana alinyunyizia kunde maji ya utupa, dawa ya kuulia viwavi. Ikimezwa tu haina neno. Ikitafunwa mara ya pili, inaua. Kinga yake ni moja: maji ya chumvi ya chemchemi iliyo ng'ambo ya vilima. Mtu ayanywe kwanza, ndipo acheue.

Ulikuwa uongo mtupu. Kunde hazikuwa zimeguswa na kitu ila umande.

Mzee Tandala akafumba mdomo. Tumbo lake likanguruma, gruuu. Wengine wakatazamana, hakuna aliyethubutu hata kumeza mate.

Ila Shangazi Tandala, bibi kizee wa kundi, hakuamini. Alichomoa jani la kunde lililonasa kwenye pembe ya Mzee, akaliweka chini.

"Kula, mwanangu. Tukuone."

"Nitakula, shangazi. Sisi pimbi hatucheui, halitanidhuru."

Akala. Wote wakamkodolea macho. Sasa, pimbi akiogopa, taya zake hucheza zenyewe, huku na huku, hata kama hana kitu mdomoni. Taya za Bi Pimbi zikaanza kucheza. Akazibana. Zikazidi.

"Si huyo anacheua?" Shangazi akasema taratibu. "Ngojeni. Asipokufa, tumeshamjua."

Bi Pimbi aliwaza matuta yake mawili. Aliwaza watoto. Taya hazikutulia.

"Shangazi," akasema, "kumbe hata sisi..."

Akaanguka, puu, miguu juu.

Kisha kwato, tifu tifu tifu, kundi likielekea vilimani.

Bi Pimbi hakufumbua macho. Mmoja alikuwa amebaki. Pumzi ya moto ilimpita shingoni, pua yenye unyevu ikamgusa tumbo. Taya zilitaka kucheza tena, akauma ulimi.

"Maskini," ilikuwa sauti ya Shangazi. "Alikuja kutuonya, nami nikamlisha."

Naye akakimbia.

Kule chemchemini walikunywa mpaka matumbo yakajaa, wakacheua, na hakufa hata mmoja. Wakayashukuru maji. Wakahamia hukohuko, na kila ndugu waliyekutana naye walimwambia asiguse kunde za majabalini, maana zimemuua hata mwenyewe aliyezipanda.

Kunde zikachipua upya. Watoto wa Bi Pimbi wakala kiangazi kizima. Lakini mama yao hakuwahi kula kwa raha, kwa kuwa marehemu hatakiwi kuonekana shambani. Kila kwato iliposikika mbali, aliwasukuma watoto kwenye ufa wa mwamba, akajibanza nao humo, taya zikimcheza. Mpaka leo, ukipita majabalini utamwona pimbi mara moja tu, kisha hayupo.

Basi shikeni hili, wanangu: mkubwa asiyesikia ombi lako atasikia hofu yake mwenyewe, lakini uongo uliokuokoa itakubidi uulinde maisha yako yote.