Matanga ya Pembe Mbili

"Achukuaye pembe zote, matanga ni yake." Niliwaambia hivyo wakubwa wa hifadhi ya wanyama pale mkutanoni, nanyi vijana mnaniuliza nimeyatoa wapi maneno hayo. Nimeyatoa kwa mwanamke aitwaye Nyamizi, na chanzo chake ni hiki.

Zamani ndovu akiuawa, pembe iliyolalia ardhi ilikuwa ya mtemi, mwenye nchi. Pembe ya juu ilikuwa ya wawindaji. Mtemi Kasanda alizichukua pembe za ardhi miaka mingi, na hakuna aliyenung'unika.

Mwaka mmoja majembe ya kijiji yalilika yakabaki vigutu, na mvua imekaribia. Luhende, mume wa Nyamizi, akawaongoza wenzake porini kutafuta pembe ya kubadilishana na majembe. Ndovu akamuua. Naye ndovu, na mikuki mwilini, hakuanguka kiubavu. Alipiga magoti akafa hivyo, pembe zote mbili zimezama udongoni.

Mtemi alipoletewa habari alicheka. "Zote zimegusa ardhi. Zote zangu."

Wanaume wakatazama chini. Mnawajua wanaume hao, hata leo wapo.

Nyamizi hakubishana. Kulipokucha, mtemi akakuta ua wake umejaa mikeka, vilio na kijiji kizima.

"Nani kafa kwangu?"

"Luhende, mtemi."

"Huo msiba ni wako, mama."

"Ungekuwa wangu kama ningekuwa na pembe. Mwindaji akiuawa, pembe yake ndiyo inayolisha matanga yake. Desturi hiyo sikuitunga mimi. Pembe iko kwako, nasi tumeifuata."

Bibi mmoja akadakia, "Na yule fahali mweupe tumemwona. Amenona."

Mtemi angewafukuzaje? Wazee wake mwenyewe walikwisha kukaa mikekani. Fahali akachinjwa. Wakala, wakalia, wakalala palepale. Ng'ombe wa pili alipofungwa kamba, mtemi akasema, "Chukueni pembe yenu mwende."

"Ipi?"

"Mnayoitaka."

Nyamizi akachagua ile ndefu. Matanga wakayamalizia kwao, kwa ugali na mlenda, na mvua ya kwanza ikayakuta majembe mapya shambani.

Sasa hawa wa hifadhi. Viingilio vya kutazama ndovu ni vyao vyote. Ndovu haohao wakikanyaga mahindi yetu, tunaambiwa poleni. Mkutano ujao njooni na mikeka. Achukuaye pembe zote, matanga ni yake.